Je, Wajua? Athi River, Mji wa Viwanda Uliolishwa na Ukambani

Ukitoka Mukuyuni, hapa Makueni, kwenda Nairobi, iwe kwa njia ya Machakos au kwa kushukia barabara ya Mombasa, utaupita mji wa mabomba marefu, malori yasiyokwisha na vumbi jeupe. Wengi wetu tuna ndugu anayefanya kazi pale, au mzee aliyestaafu pale. Mji huo ni Athi River, na kwa jina la kiserikali, Mavoko. Safu ya leo ni yake, kwa sababu historia yake ni yetu na haisimuliwi vya kutosha.

Je, wajua kwamba Athi River ilianza kujulikana kwa kiwanda cha nyama kabla ya saruji? Mwishoni mwa miaka ya 1930, kampuni ya Liebig's Extract of Meat ilijenga kiwanda kando ya reli, kwenye nyanda zilizo kati ya Nairobi na vilima vya Machakos. Kampuni hiyo ilisifika duniani kwa kuchemsha nyama mpaka ibaki rojo nzito nyeusi ya kuungia mchuzi, na kwa nyama ya mkebe iliyolisha majeshi ya Ulaya. Kwa kazi ya rojo hahitajiki ng'ombe aliyenona. Aliyekonda anatosha, mradi awe wa bei ya chini na apatikane kwa wingi.

Je, wajua kwamba kampuni hiyo ilikuwa na ndugu wa kiwanda hiki upande wa pili wa Atlantiki? Ilianzishwa London mwaka 1865, ikabeba jina la mwanakemia Mjerumani, Justus von Liebig, na makao yake makubwa ya uzalishaji yalikuwa Fray Bentos, Uruguay. Mwaka 2015 UNESCO iliyaweka majengo ya Fray Bentos katika orodha ya Urithi wa Dunia. Athi River haijapata heshima hiyo, ingawa kisa chake, kwa maoni yangu, ni kizito zaidi.

Je, wajua kisa chenyewe? Hapa tukae kidogo.

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita kiasi, na kwamba mifugo hiyo ndiyo inayomaliza udongo. Wakati huo wilaya ya Machakos ilienea mpaka eneo linaloitwa Makueni leo. Ni kweli udongo ulikuwa unakwisha. Makorongo yalionekana kwa macho. Lakini sababu ya msongamano ilijulikana. Nyanda za Athi na vilima vya Mua vilikwishagawiwa walowezi, malisho ya Yatta yakawekewa masharti, na watu wakabanwa na mifugo yao ndani ya mipaka ya hifadhi waliyotengewa. Badala ya kurudisha ardhi, serikali ilikuja kuchukua ng'ombe. Waliuzwa kwa lazima mnadani, kwa bei ambayo mwenye ng'ombe hakuwa na sauti juu yake, na kiwanda kipya kilikuwa kinangoja karibu tu.

Kwa Mkamba wa wakati ule ng'ombe alikuwa mahari, akiba ya mwaka wa njaa, maziwa ya watoto na undugu kati ya koo. Kumnyang'anya mtu ng'ombe ilikuwa ni kumvunjia nyumba. Huko Ngelani, karibu na mji wa Machakos, watu walikataa. Wakaunda chama, Ukamba Members Association, na kiongozi aliyesikika zaidi akawa Samuel Muindi Mbingu.

Je, wajua kwamba mnamo Julai 1938 zaidi ya watu elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka Machakos wakaenda Nairobi kumwona gavana? Walipiga kambi Kariokor, mtaa uliobeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyomeza vijana wengi wa Ukambani. Wakakaa hapo kwa wiki kadhaa. Hawakuvunja duka wala kumpiga mtu. Walikaa tu, wakisema hawaondoki mpaka gavana, Sir Robert Brooke-Popham, awasikilize. Kwa serikali iliyozoea kuona watu wakitawanyika kwa amri moja, kukaa kule kulikuwa kugumu kuliko fujo.

Je, wajua kwa nini serikali iliingiwa na hofu? Jeshi la King's African Rifles na polisi vilijaa vijana wa Kikamba, na vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia. Afisa aliyejua hesabu hiyo hakutaka askari wake wasikie kwamba ng'ombe wa mama zao wameuzwa mnadani. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, mbali na kwao. Lakini kabla mwaka haujaisha, uuzaji wa lazima ulikuwa umesitishwa. Wakulima wasio na bunduki walikuwa wameirudisha nyuma serikali ya mfalme.

Je, wajua kwamba Muindi Mbingu Street, katikati ya Nairobi, penye City Market, imepewa jina la mtu huyohuyo? Watu hupita hapo kununua samaki na maua. Ukienda na mtoto, mwambie.

Je, wajua kwamba Kenya Meat Commission ilianzishwa mwaka 1950, na kiwanda cha Athi River kikawa moyo wake? Kwa miongo kadhaa wafugaji wa Ukambani, wa Umaasaini na wa kaskazini walipeleka ng'ombe pale, na nyama ya mkebe ikaenda ng'ambo. Madeni na usimamizi mbaya vilikiua taratibu. Kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikafunguliwa tena 2006, na mwaka 2020 kikawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Kiwanda kilichoanza kwa kuogopwa na wafugaji kiligeuka kuwa kiwanda ambacho wafugaji wanalia kikifungwa. Hakuna kioja hapo. Watu hawakupinga kuuza ng'ombe. Walipinga ng'ombe wao kuuzwa bila hiari yao.

Sasa turudi nyuma, haraka haraka.

Je, wajua kwamba reli ya kutoka Mombasa ilivuka nyanda za Athi mwaka 1899, mwaka uleule ilipofika Nairobi, na kwamba bila reli hiyo hakuna kiwanda ambacho kingewekwa pale?

Je, wajua kwamba mji wa Sultan Hamud ulipata jina hilo baada ya Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar kutembelea reli ilipokuwa inajengwa, mwaka 1898?

Je, wajua kwamba mwaka 1900, katika stesheni ya Kima, simba aliingia ndani ya behewa akamuua afisa wa polisi Charles Ryall, na kwamba behewa lenyewe limehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi?

Je, wajua kwamba hekalu la Masingasinga la Makindu lilijengwa 1926, katika mji ulioanza kama kituo cha reli, na kwamba mpaka leo msafiri yeyote, wa dini yoyote, hula pale bila kulipa?

Je, wajua kwamba Makindu iliwahi kuwa na kambi ya Wapolandi? Mwaka 1940 Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya watu wa Poland mashariki, wakawapeleka Siberia na Asia ya Kati. Waliopata njia ya kutoka mwaka 1942 walipitia Iran, na maelfu yao, wengi wao wanawake na watoto, wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa zilikuwa Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu karibu 5,000, na Masindi na Koja nchini Uganda. Makindu ilikuwa kambi ndogo ya kupitia tu. Hata hivyo nafurahi kujua kwamba katika vita vile, ardhi ya Makueni ilimpokea mtu aliyefukuzwa kwao.

Je, wajua kwamba huko Poland kwenyewe, miaka michache baadaye, ulijengwa mtaa wa viwanda ambao historia yake inafaa kusomwa sambamba na ya Athi River? Unaitwa Nowa Huta, pembeni mwa jiji la Kraków. Mwaka 1949 serikali ya kikomunisti ilichukua mashamba ya wakulima, mashamba yenye rutuba nzuri, ikajenga kiwanda kikubwa cha chuma pamoja na mtaa mzima: magorofa, shule, hospitali, ukumbi wa maigizo, barabara pana zenye miti. Kitu kimoja hakikuwekwa kwenye ramani: kanisa. Watawala waliamini mfanyakazi wa kisasa hatalihitaji. Mwaka 1960 wakazi walipambana na polisi kutetea msalaba waliousimika. Walijenga kanisa lao kwa mikono yao, na mwaka 1977 likabarikiwa na Kardinali Karol Wojtyła. Mwaka uliofuata akawa Papa Yohane Paulo wa Pili, yule aliyekuja Kenya mara tatu: 1980, 1985 na 1995.

Athi River ilikwenda njia nyingine. Hapa hakuna aliyekaa na ramani akauliza mfanyakazi atalala wapi, mtoto wake atasoma wapi, maji machafu yatapita wapi. Viwanda vilikuja kwanza, nyumba zikafuata kadiri kila mwenye ploti alivyoweza. Nowa Huta walipewa nyumba wakanyimwa uhuru wa kusali. Athi River mtu alisali apendavyo, kisha akarudi kwenye chumba kimoja kisicho na maji. Katika miji yote miwili mkulima ndiye aliyetoa ardhi, na mfanyakazi ndiye aliyelazimika kudai kilichosahauliwa.

Je, wajua kwamba wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, Athi River ilikuwa na kambi ya kizuizini? Walipelekwa pale watu waliodhaniwa kuwa na ushawishi katika Mau Mau, na wakoloni walijaribu kuwabadilisha fikra kwa mahubiri na mihadhara, wakisaidiwa na wafuasi wa vuguvugu la Moral Re-Armament. Mashine za kiwanda cha nyama zilikuwa zikinguruma upande mmoja, na upande mwingine watu walikuwa wamefungwa bila kesi.

Je, wajua kwamba kampuni ya East African Portland Cement ilianzia Nairobi mwaka 1933 ikisaga malighafi iliyoletwa kwa meli kutoka India? Hebu fikiria: mawe yaliyochomwa India yalisafirishwa mpaka Mombasa, yakapakiwa kwenye treni, yakapita Sultan Hamud, mahali penye mawe ya chokaa tele, yakaenda kusagwa Nairobi. Kiwanda cha Athi River kilianza kujengwa 1956, na kufikia 1958 tanuri lake lilikuwa linawaka. Mawe ya chokaa yakaanza kutoka upande wa Sultan Hamud, umbali wa safari fupi tu ya treni.

Je, wajua saruji inavyotengenezwa? Mawe ya chokaa husagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, yakaingizwa kwenye tanuri refu la chuma linalozunguka polepole likiwa limelazwa kwa mshazari. Ndani yake joto hufika nyuzi 1,450 hivi. Zinazotoka mwisho ni kokoto ngumu za kijivu ziitwazo klinka, ambazo husagwa na jasi kidogo mpaka ziwe unga. Ukiondoa jasi, saruji haitampa fundi nafasi ya kufanya kazi. Itashika mara tu anapoikoroga. Jiwe la chokaa lenyewe, linapochomwa, hutoa hewa ya ukaa, na zaidi ya nusu ya hewa hiyo inayotoka kwenye kiwanda cha saruji hutoka ndani ya jiwe, si kwenye kuni au makaa. Ndiyo maana hata tanuri likipashwa moto kwa nishati safi kabisa, tatizo halijaisha.

Je, wajua kwamba saruji peke yake haijengi? Inahitaji mchanga, na mchanga uliojenga sehemu kubwa ya Nairobi umetoka katika mito yetu ya msimu. Mito ya Ukambani hulala mikavu miezi mingi, lakini chini ya mchanga wake kuna maji. Ndiyo sababu kina mama huchimba visima mtoni wakati wa kiangazi. Lori likibeba mchanga linabeba pia hifadhi ya maji. Kwa miaka mingi malori yaliingia usiku na mchana, vijana wakalipwa senti za kupakia, mito ikabaki miamba mitupu, na kulikuwa na ugomvi mpaka damu ikamwagika. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kudhibiti matumizi yake. Naiona kuwa moja ya sheria bora kabisa zilizotungwa na kaunti yoyote tangu ugatuzi uanze 2013, na anayetaka kuilegeza afikirie kwanza kisima cha jirani yake.

Kwa hiyo ukitazama gorofa la Nairobi unaweza kusema bila kutia chumvi: chokaa yake imetoka upande wa Sultan Hamud, mchanga wake umetoka Ukambani, na mikono mingi iliyolisimamisha ni ya vijana wa kwetu wa kazi ya mjengo.

Je, wajua kwamba siku hizi Athi River na viunga vyake vya Lukenya na Kitengela vina viwanda vingi vya saruji kuliko eneo lingine lolote nchini? Bamburi, iliyoanza kuzalisha Mombasa mwaka 1954, nayo iliweka mtambo wa kusaga hapa miaka ya 1990. Ushindani ukawa mkali. Athi River Mining, kampuni iliyoanza 1974, ilikua ikawa na viwanda nje ya nchi, kisha ikalemewa na madeni na kuwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018. Mwaka uliofuata mali zake za Kenya zilinunuliwa na National Cement, watengenezaji wa saruji ya Simba.

Je, wajua kuhusu ekari 4,298? Hicho ndicho kipande cha ardhi ya East African Portland Cement kilichogombaniwa kwa miaka mingi na wanachama wa chama cha Aimi ma Lukenya. Waliouziwa ploti walijenga, wakahamia, wakazaa watoto pale. Oktoba 2023 mahakama iliamua kwamba ardhi ni ya kampuni, na ndani ya siku chache matingatinga yakaingia. Magorofa yaliyokwisha kamilika yakaanguka na samani ndani. Hukumu ya mahakama ni hukumu. Lakini ardhi hii ilichukuliwa mara ya kwanza na walowezi bila kumuuliza aliyechunga ng'ombe pale, na tangu hapo watu hawajawahi kuelezwa kwa uwazi: nani alipewa nini, lini, na kwa hati gani. Nyumba zile zilianguka juu ya swali ambalo serikali baada ya serikali zimelikwepa.

Je, wajua kwamba eneo la EPZ, yaani la viwanda vya kuzalisha bidhaa za kuuza nje, la Athi River lilitokana na sheria ya mwaka 1990, na kwamba lilipata nguvu mpya Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka 2000? Kwa sheria hiyo nguo zilizoshonwa Kenya ziliingia soko la Marekani bila ushuru. Maelfu ya wanawake walipata kazi ya cherehani. Humo ndani mtu hashoni suruali nzima. Mmoja anashona mifuko, mwingine zipu, mwingine upindo, na kila saa ina idadi yake ya kutimiza. Mapema mwaka 2003, muda mfupi baada ya serikali mpya kuingia madarakani, wafanyakazi wa EPZ waligoma wakidai mishahara na utu. Hawakuwa wakaidi. Walikuwa wameambiwa nchi imebadilika, wakataka kuona kama mabadiliko yamefika getini kwao.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya kitambaa kilichoshonwa pale hakikuwa cha pamba ya Kenya? AGOA iliruhusu kitambaa kutoka nchi ya tatu, na viwanda vikaagiza kutoka Asia. Wakati huohuo Kitui na Makueni zilikuwa na mashamba ya pamba na mitambo ya kuchambulia pamba, na mkulima alikuwa ameacha kupanda kwa sababu ya malipo ya kuchelewa na bei mbovu. Kutoka shamba la pamba la Makueni hadi cherehani ya Athi River ni safari ya saa chache kwa lori. Safari hiyo haikupangwa na yeyote, na kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko yote katika historia ya mji huu baada ya uhuru.

Je, wajua kwamba kaunti zetu zimeanza kujaribu kurekebisha hilo? Kalamba, Makueni, kuna kiwanda cha kusindika maembe kilichoanza 2017, ili embe la msimu lisiozee chini ya mti au kuuzwa kwa dalali kwa shilingi mbili tatu. Kitui walifungua kituo cha ushonaji cha KICOTEC mwaka 2018. Ni vidogo ukivilinganisha na mabomba ya Athi River, na vimekuwa na misukosuko yake. Navitetea hata hivyo, kwa sababu anayefanya kazi pale analala kwake.

Je, wajua kwamba ufundi kwenye nyanda zile ni wa kale sana? Katika kilima cha Lukenya wanaakiolojia wamechimbua zana za mawe za watu walioishi pale zaidi ya miaka 20,000 iliyopita. Baadhi ya zana ni za kioo cha volkano kilicholetwa kutoka Bonde la Ufa. Watu walibeba malighafi kutoka mbali, wakaitengenezea Lukenya, maelfu ya miaka kabla ya treni.

Je, wajua kwamba Syokimau, stesheni iliyofunguliwa Novemba 2012, imebeba jina la mwanamke mwonaji wa Kikamba ambaye, kwa masimulizi ya wazee, alitabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini akitema moshi? Kwamba Mlolongo ilikua kwa sababu ya malori yaliyopanga foleni kwenye mizani, madereva wakihitaji chakula na mahali pa kulala? Kwamba tangu 2022 barabara ya juu ya kilomita 27 inaanzia hapo hapo Mlolongo kwenda Westlands?

Sasa nimalizie na jambo lililonifanya niandike safu hii.

Je, wajua mto Athi unakwenda wapi ukishaupita mji? Haurudi Nairobi. Unazunguka Ol Donyo Sabuk, ukiwa umepokea maji ya mto Nairobi pamoja na uchafu wake wote, unaporomoka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls, kisha unashuka kusini-mashariki chini ya uwanda wa Yatta, mojawapo ya mitiririko mirefu zaidi ya lava iliyoganda duniani. Huko ndiko unakokuwa mpaka kati ya Makueni na Kitui. Ukifika Tsavo unaitwa Galana, na unaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi ukiitwa Sabaki. Kila kinachomwagwa kwenye mto huo na kiwanda, na kila choo cha Nairobi kisichounganishwa na mfereji wa majitaka, hupita mbele ya wakulima wetu wanaonyweshea sukuma wiki na nyanya.

Je, wajua kwamba penye makutano ya mto Thwake na mto Athi linajengwa mojawapo ya mabwawa makubwa zaidi nchini? Ujenzi wa bwawa la Thwake ulianza 2018, kwa fedha za serikali na za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ukuta wake umepangwa kufika mita 80.5, na uwezo wake ni zaidi ya mita za ujazo milioni 680 za maji: ya kunywa, ya umwagiliaji na ya umeme. Ni ndoto ya miaka mingi ya watu wa Makueni na Kitui. Lakini mto wa maji yanayokwenda una nafasi ya kujisafisha kidogo, bwawa hukusanya. Metali nzito zikitua chini ya bwawa, zinabaki. Ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali imewahi kuonya kuhusu uchafuzi huo, na wabunge wamelijadili. Kusafisha maji bombani ni ghali, tena hakuondoi kila kitu. Dawa ni kuzuia uchafu kule unakoanzia, Nairobi na Athi River, kwa mitambo ya majitaka inayofanya kazi na kwa faini zinazouma.

Makueni inasifika kote nchini kwa vikao vya kuhusisha umma, ambapo mwananchi wa kijijini husimama akahoji bajeti. Basi msomaji wa Mukuyuni, kikao kijacho kikiitishwa, nenda. Simama uulize jambo moja: vipimo vya maji ya mto Athi vilifanywa lini, na matokeo yake yamebandikwa wapi ili sote tuyasome? Usikae mpaka ujibiwe.